Mbwa Wako Analipwa na Nani?

Maneno haya niliyasema asubuhi ya chanjo ya mbwa mtaani kwetu, hapa Arusha, chini ya mjakaranda wa uwanja wa shule. Kijana mmoja aliyerekodi kwa simu aliniomba niyaandike ili wayasome waliokosa kufika. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka kinywani.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mabalozi, wazee wangu, shikamooni. Akina mama, hamjambo. Vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma, zimeni pikipiki kwanza ndipo tusalimiane. Na ninyi watoto mlioshika kamba, kila mmoja asogee hatua nne kutoka kwa mwenzake. Mbwa wawili wasiojuana, kila mmoja amekabwa shingo na anavutwa, lazima wagombane. Sisi wenyewe kwenye daladala iliyojaa tunagombana, na hatujafungwa kamba. Wewe mwenye mbwa wa njano, mlegezee, mwanangu. Kidogo tu. Umeona? Amekaa mwenyewe.

Wengi mnanifahamu. Nimekuwa afisa mifugo kwa miaka 31. Mshahara niliupata kwa ng'ombe na mbuzi, lakini tangu nistaafu wanaoniletea wageni mlangoni ni mbwa. Haipiti wiki bila hodi. Mbwa wangu anabweka mpaka jirani amenishtaki kwa balozi. Mbwa wangu amemaliza vifaranga. Mbwa wangu amemng'ata fundi bomba. Na karibu kila mmoja humalizia kwa maneno yale yale: "Mama, mbwa huyu hana adabu, nimempiga mpaka nimechoka." Huwa nawaonea huruma wote wawili, aliyepigwa na aliyechoka.

Daktari ameniomba niongee wakati anapanga sindano zake. Mimi nina swali moja, na ndilo ninalomuuliza kila anayekuja kwangu: mbwa wako analipwa na nani?

Maana mbwa hafanyi kazi ya bure. Jambo likimletea faida leo, kesho atalirudia. Lisipomletea kitu, ataliacha polepole. Na msidhani faida ni mfupa tu. Kutazamwa kwake ni malipo. Kukimbizana ni malipo. Na kitu anachokiogopa kikiondoka mbele yake, hapo amelipwa kuliko hata ungempa paja la kuku.

Tuanze na ninyi mliozima pikipiki. Bodaboda inapita, mbwa anatoka mbio, anabweka, pikipiki inakwenda zake. Wewe dereva unajua ulikuwa unakwenda zako tangu mwanzo, abiria wako anasubiri. Mbwa hajui. Yeye anaona joka lenye kelele lilikuja nyumbani kwake, akalifukuza, likakimbia. Ameshinda! Kwa siku zinapita pikipiki ngapi mbele ya geti lako? Basi mara zote hizo amelipwa, na wewe mwenye mbwa umekaa ndani unasema ana kichwa kigumu. Fimbo yako moja ya jioni itashindana vipi na ushindi wote huo wa mchana?

Dawa ya hapo ni kumfungia duka. Geti lifungwe. Chini ya geti pale anapochungulia, ziba kwa bati au ubao asione magurudumu. Na wewe dereva, ukimwona anakuja, punguza mwendo, ukiweza simama kabisa. Teke linamfundisha kwamba miguu yenu ni silaha, na wengi walioanguka hapa mtaani hawakuangushwa na meno ya mbwa, waliangushwa na teke walilorusha wao wenyewe.

Kubweka usiku ni ndugu wa hilo hilo. Mtu anapita njiani, mbwa anabweka, mtu anapita, kazi imelipa. Sasa wewe unafungua dirisha saa nane za usiku na kupaza sauti, "Nyamaza! Wewe Tomi, nyamaza!" Tomi hakusikii unakataza. Anasikia mwenye nyumba naye ameamka wanabweka pamoja, kumbe hatari ni ya kweli. Banda usiliweke getini. Lipeleke nyuma au ubavuni, mahali asipoona barabara. Hamtapoteza ulinzi, maana pua na masikio yake yanafika barabarani bila macho. Mlishe jioni, si asubuhi, ili alale akiwa ameshiba. Akibweka, toka, tazama kweli kuna nini, mwambie kwa sauti ya chini "haya, nimeona", mwite kwako, na akija mpe kitu. Wiki mbili tatu utasikia anabweka mara tatu nne kisha anatega sikio akikusubiri wewe. Huyo ndiye mlinzi. Anayebweka usiku kucha hana tofauti na mlinzi anayepuliza filimbi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Siku mwizi akija, nani ataamka?

Kubweka kwenyewe hamtakuondoa, na msitake kukuondoa. Wakongo wana mbwa wao wa msituni asiyebweka, ambaye Waingereza walimchukua kwao miaka ya 1930, na dunia inamwita Basenji. Mnalisikia neno "washenzi" humo ndani? Hata huyo hakai kimya, analia sauti ya kupanda na kushuka kama anayejifunza kwaya.

Sasa mnyororo. Hapa nitakaa kidogo, naomba mnivumilie.

Desturi yetu ni mbwa afungwe alfajiri, afunguliwe usiku. Mnyororo mita moja na nusu, bati la maji limepinduka tangu saa tatu, jua la mchana linamzunguka hadi kivuli kinaisha. Kila mgeni akiingia, mbwa anaona kitu kinamkaribia na hana pa kwenda. Mnyama mwenye woga ana njia mbili kuu, kukimbia au kupigana. Mnyororo umemnyang'anya ya kwanza. Tukisha kumnyang'anya, tunashangaa amechagua ya pili, na wengine tunafurahi, tunaandika getini "Mbwa Mkali". Ukali ule ni woga uliofungwa. Na woga hauchagui. Mwizi anayekuja na nyama mkononi unamwacha, unamng'ata mtoto wa dada aliyekuja likizo.

Tena wapo wanaoongeza: wanampa pilipili, wanamfungia kwenye giza akiwa mdogo, wanamkata mkia ili awe mkali. Mkia ni mdomo wa mbwa. Ameufyata, anaogopa. Ameusimamisha mgumu kama antena, anakuonya. Anautikisa chini na kiuno kinakwenda nao, amefurahi. Ukiukata, umemfanya bubu mbele ya mbwa wenzake, halafu unaniletea malalamiko kwamba anapigana na kila mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tunayo, wala sihitaji kuwatisha nayo. Ninayotaka muichukue leo ni waya. Asiye na uzio na lazima afunge mbwa, avute waya imara kati ya nguzo mbili, mita nane au kumi, aweke pete inayoteleza, mnyororo uning'inie hapo. Kivuli kiwe upande mmoja, maji kwenye ndoo nzito isiyopinduka. Gharama yake ni ndogo kuliko suruali ya fundi bomba, achilia mbali paja lake.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, ili msidhani nimezaliwa ninajua.

Nilikuwa na mbwa, jina lake Simba. Najua, kila mtaa una Simba watatu. Jumapili moja nilichemsha kichwa cha mbuzi, taya nikampa yeye, akaenda nalo chini ya mlimao. Mjukuu wangu, wakati huo miaka minne, akamfuata kutazama. Simba hakuinuka. Aliganda, kichwa kimeinamia mfupa, weupe wa macho ukaonekana pembeni, akanguruma chinichini, mngurumo unaousikia tumboni kabla ya masikioni. Mimi nilitoka jikoni na mwiko, nikamchapa wa pua: "Unamngurumia mtoto?" Jambo hilo lilijirudia mara tatu au nne, na kila mara mwiko. Baada ya hapo kimya. Nikajisifu kwa majirani kwamba Simba amepata adabu.

Miezi miwili baadaye mpira wa mtoto ulibingirika hadi kwenye sahani ya Simba. Mtoto akainama kuuokota. Hapakuwa na mngurumo wala meno kukenuliwa, hapakuwa na chochote. Alimng'ata mkono, nyuzi saba. Mbwa alikuwa na chanjo zote, na mtoto tulimpeleka hospitali hivyo hivyo. Lakini ule usiku nilikaa na mwiko wangu nikaelewa nilichokifundisha. Sikumwondolea Simba woga wa kunyang'anywa chakula. Nilimwondolea kengele. Alikuwa anatuambia, "Nisogeleeni polepole, nina hofu," na mimi afisa mifugo mzima, mwenye cheti ukutani, nikampiga kwa kusema.

Kwa hiyo mbwa akikungurumia, simama. Usimpige. Rudi nyuma, kisha jiulize ni kitu gani.

Na Simba? Kwanza nilihamisha sahani yake nyuma ya stoo, penye kilango, na mtoto hakuruhusiwa kule kabisa. Kisha nikaanza kazi. Simba anakula ugali wake, mimi nasimama hatua tano, natupa dagaa mmoja wa kukaanga, naondoka. Basi. Jioni inayofuata tena. Nikiona ameganda au anakula kwa kasi, nimesogea mno, narudi nyuma. Wiki ya kwanza hatua tano, wiki ya pili nne. Wiki ya tatu nilipokuwa natokea tu kwenye kona aliacha kula, akainua kichwa, mkia ukaanza. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliwaona mbwa wake wakidondosha mate kwa kumwona tu mtu anayewalisha, chakula hakijafika. Ninyi mnaliona kila jioni mfuniko wa sufuria ukilia. Kwa Simba, nyayo zangu zilikuwa zimemaanisha kunyang'anywa. Ilibidi zianze kumaanisha dagaa.

Mbinu hiyo hiyo ndiyo ya mbwa anayewachukia wageni. Mgeni asimame mbali, pale ambapo mbwa anamwona lakini bado ana akili zake. Mgeni akionekana, dagaa wananyesha kama mvua. Mgeni akitoweka, dagaa wanakoma. Siku nyingi, umbali ukipungua kidogo kidogo. Inachosha, sikatai. Lakini kumlipa fidia mtu aliyeng'atwa nako kunachosha.

Hapo mzee mmoja mstari wa mbele aliinua bakora: "Mama, lakini mbwa asipojua nani mkubwa wa nyumba, si atatutawala?"

Asante mzee wangu. Wazo hilo lina historia, na mmoja wa waliolieneza amelikana. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu wa Ulaya (si hawa wetu wenye mabaka wa Serengeti) waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliona wanapigania ukubwa. Mmarekani David Mech alilieneza wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1970. Baadaye Mech akaenda kuwatazama mbwa mwitu walio huru kaskazini ya mbali ya Kanada, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lile ni baba, mama na watoto wao, hakuna uchaguzi wa bosi. Tulichokuwa tumefanya ni kama kuandika maisha ya familia ya Kitanzania kwa kuchungulia mahabusu. Mzee, mkubwa wewe tayari ni wewe. Ufunguo wa stoo ya unga unao wewe, geti unafungua wewe. Huna haja ya kumbwaga mbwa chini na kumkalia ili umwonyeshe.

Akaendelea: "Lakini akikosa anajua. Ukimtazama anainamisha kichwa, anajua kosa lake!"

Hata hilo limepimwa, mzee. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa New York, aliwapima mbwa 14 na wenye mbwa wao. Chakula kinawekwa, mbwa anakatazwa, mwenye mbwa anatoka. Akirudi anaambiwa mbwa wako amekula au hakula, na mara nyingine anadanganywa. Ule uso wa hatia ulitokea mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hajala. Wale ambao hawakula na wakakaripiwa bure ndio walioonyesha zaidi. Mbwa anasoma uso wako, hasomi daftari la makosa yake. Kwa hiyo aliyetoroka jana, akarudi leo saa nne na wewe ukampokea na fimbo getini, amejifunza jambo moja: kurudi nyumbani kunauma. Kesho atakawia zaidi. Anayerudi apokewe na chakula, hata kama moyoni unachemka. Kisha mkono wako uende kwenye tundu la uzio alilopitia. Na dume anayetoroka kufuata majike, zungumza na daktari ahasiwe. Hilo linasaidia kupunguza kutoroka, lakini halitibu woga, msidanganyike.

Kurukia watu: mbwa anarukia kwa sababu tunamsukuma kwa mikono, naye anaona ni mchezo. Mgeuzie mgongo, mikono kifuani, usiseme neno. Miguu yake minne ikigusa chini, ndipo umsemeshe. Nyumba nzima ifanye hivyo, sio mama anageuka na kaka anamkumbatia. Na jambo hili tulichukulie kwa uzito, maana tunaishi na majirani Waislamu. Mate ya mbwa yakimgusa, kwa madhehebu ya wengi hapa kwetu anatakiwa aoshe mara saba, moja kwa udongo. Mtu anakwenda zake msikitini Ijumaa, kanzu nyeupe, mbwa wako anamrukia kwa furaha, wewe unacheka, "hana neno huyu!" Neno analo, tena kubwa. Siku hiyo umemharibia mwenzako swala na ujirani.

Mayai na vifaranga nitapita haraka. Wapo wanaochemsha yai na kumng'atisha likiwa la moto. Mnaunguza ulimi wa mnyama, na kesho anamwogopa mwenye yai, halafu yai baridi analila. Okoteni mayai asubuhi kabla hamjamfungua. Banda la kuku liwe na mlango unaofungwa kweli, si kipande cha gunia. Mbwa aliyekwisha kuua kuku na kumla amelipwa malipo ambayo huwezi kuyazidi, huyo usimwache peke yake na kuku tena. Ila mbwa aliyekulia katikati ya kuku tangu mdogo mara nyingi hana habari nao.

Na huyo mdogo ndiye ninayemtaka zaidi. Sikieni, hasa watoto. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 au 14 ya maisha yake, mtoto wa mbwa ana mlango uliofunguliwa kichwani. Kila anachokutana nacho kwa amani wakati huo anakiandika kuwa cha kawaida. Mlango ukifungwa, kigeni kinakuwa cha kutisha. Sisi tunafanyaje? Tunamchukua akiwa na mwezi mmoja, tunamtia kwenye kiroba, tunampandisha basi, tukifika tunamfunga nyuma ya nyumba mpaka akue. Amepitisha muda ule wote akitazama ukuta. Akifika miezi minane tunashangaa anawabwekea wenye miavuli, wenye magongo, wenye mizigo kichwani. Watu wananiambia mbwa wao anachukia kanzu. Mbwa hana dini, mama yangu. Hajawahi kuiona kanzu ikimpa kipande cha samaki.

Mwacheni na mama yake wiki nane. Akija kwenu, kila siku aone kitu kimoja kipya, kwa mbali, bila kushurutishwa, huku anakula. Mwavuli ukifunguliwa. Ndoo ikianguka. Pikipiki ikiwashwa. Babu mwenye fimbo. Kuanzia miezi minne hadi sita anabadilisha meno, fizi zinawasha, atatafuna. Viatu viwekeni juu. Mpeni mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe, si wa kuku uliopikwa, maana huo hupasuka vipande vikali na kumtoboa tumbo. Na mnaoishi chumba kimoja na mbwa mkubwa wa Kijerumani, mkitoka kazini mnakuta godoro limegeuka pamba: yule hana kazi. Kabla hujaondoka, chakula chake usikimwage kwenye sahani, kitawanye kwenye majani atafute kwa pua. Robo saa ya kunusa humchosha mbwa kuliko mnavyodhani.

Kabla sijamwachia daktari, kuna mbwa ambaye swali langu halimhusu. Ni yule aliyebadilika ghafla. Mbwa mpole wa miaka sita akianza kung'ata, kwanza tafuta maumivu. Niliwahi kuletewa jike, mwenyewe anasema apigwe sindano ya kufa, amemng'ata mtoto aliyempapasa kichwa. Nikanusa sikio la kushoto kabla sijaligusa, lilinuka. Ndani kupe wamejazana kama maharage kwenye ganda, na usaha. Angekuwa binadamu angeomba likizo ya ugonjwa.

Mabadiliko mengine ni ya kutisha zaidi, na ndiyo yaliyotuleta hapa. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Anaweza kuwa mpole kupita kiasi, akajificha gizani, sauti ikabadilika, taya likalegea, mate yakatoka, akashindwa kumeza. Watu wema huingiza mkono mdomoni wakidhani amekwamwa na mfupa. Msiingize mkono! Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi ni Asia na huku kwetu Afrika. Dalili zikianza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo uking'atwa, au hata ukikwaruzwa au kulambwa penye kidonda: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Msipake dawa ya meno, wala pilipili, wala jiwe jeusi. Mbwa kama anakamatika bila hatari, afungiwe na atazamwe siku kumi, lakini wewe usizisubiri siku hizo kwenda hospitali. Na tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ndiyo sababu nafurahi kuona mstari umefika hadi barabarani.

Nilipomaliza, maswali yalikuwa mengi kuliko muda. Kijana wa bodaboda aliuliza afanyeje akikutana na mbwa akiwa kwa miguu. Nikamwonyesha: usikimbie, simama kama mti, mikono imeshuka, macho yatazame kando, ondoka kwa ubavu polepole. Ukiangushwa jikunje kama jiwe, mikono ifunike shingo na masikio. Watoto wote wakajikunja kwenye vumbi, mbwa wakachanganyikiwa. Mama mmoja aliuliza kwa nini mbwa wake analia wakati wa adhana ya alfajiri, kama kuna kitu anakiona. Nikamwambia sauti yoyote ndefu inayopanda na kushuka huwafanya waitikie, kama wanavyoitikiana wenyewe kwa mbali. Hata king'ora cha gari la wagonjwa kinawaliza.

Wa mwisho alikuwa yule mtoto mwenye mbwa wa njano. "Bibi, wangu haogopi mtu. Anamwogopa baba tu."

Nikamuuliza, nani anampa chakula?

"Mimi."

Na baba anampa nini?

Mtoto akanyamaza, akamtazama baba yake, ambaye alikuwa hatua mbili nyuma yake kwenye mstari, anakagua simu. Nikatoa mfuko wa dagaa niliokuja nao, nikampa yule baba. Nikamwomba asimsogelee mbwa, asimwite, asimtazame. Atupe mmoja chini, karibu na mguu wa mwanawe, halafu arudi kwenye simu yake. Akatupa. Mbwa alisubiri kidogo, akanyoosha shingo, miguu ya nyuma ikabaki palepale, akamchukua. Baba akatupa wa pili. Daktari akaita, "Wa kwanza!"